Waya wa spika upimwe na masikio yasiyojua bei yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nichangie hoja iliyotolewa katika makala ya gazeti lako kuhusu vyombo vya muziki vya nyumbani. Mwandishi wake aliwashauri wasomaji ambao tayari wana amplifaya na spika nzuri kwamba hatua inayofuata ni kubadili nyaya, na kwamba kadiri bei ya waya inavyopanda ndivyo sauti inavyozidi kufunguka. Aliandika kwa mapenzi ya muziki, na sina ugomvi naye. Hata hivyo, aliyoyasimulia nimeyapitia mimi mwenyewe, nikayaamini kwa miezi kadhaa, kisha nikabaini kwamba mabadiliko niliyoyasikia yalikuwa ya kweli lakini hayakuletwa na kile nilichodhani kimeyaleta. Naona ni haki wasomaji wausikie upande huo pia kabla hawajatoa fedha zao.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na ninaishi Tanga, si mbali na bahari. Sebuleni kwangu kuna amplifaya ya wati 40 kila upande, spika mbili za omu 8, na gramafoni ninayoitumia kupigia santuri alizoniachia marehemu baba, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 za vikundi vya taarabu vya hapahapa Tanga, Black Star na Lucky Star. Nyaya za spika zilikuwa zilezile zilizokuja na spika zenyewe, nyembamba, na sikuwahi kuzifikiria hata siku moja. Miaka michache iliyopita sauti ilianza kuzorota. Spika ya kushoto ilikuwa ikikwaruza, besi ilipungua, na sauti ya mwimbaji ilisikika kana kwamba anaimba akiwa amefunikwa shuka.

Nilikwenda dukani, na muuzaji hakuuliza waya wangu ni wa umri gani wala umefungwaje. Alinitolea waya mnene kama kidole gumba, uliovikwa kitambaa cha kusukwa, wenye ncha za rangi ya dhahabu na mshale unaoonyesha uelekeo wa muziki. Nililipa shilingi 380,000 kwa jozi, fedha zilizozidi hata zile nilizonunulia amplifaya kutoka kwa jirani aliyekuwa akihama. Nilipozifunga usiku ule, ganuni ilirudi na mlio wake wa kengele, fidla zikatengana kila moja mahali pake, na besi ikasimama. Nilimwita mke wangu aje asikilize, naye akakubali kwamba kweli pamebadilika. Kwa miezi minne nilimshauri kila aliyenitembelea anunue waya kama ule.

Mpwa wangu, anayesomea ufundi wa umeme chuoni, ndiye aliyenifumbua macho, na hakufanya hivyo kwa kubishana nami. Aliniomba zile nyaya za zamani azitumie chumbani kwake. Siku iliyofuata alirudi nazo na kunionyesha ncha zake. Shaba yote iliyokuwa imebanwa ndani ya spika ilikuwa imegeuka kijani na nyeusi, na nyuzi kadhaa zilikatika alipozigusa tu kwa ukucha. Alikata sentimita tano kila upande hadi akafikia shaba inayong'aa, akasugua vifungio vya spika na vya amplifaya kwa kitambaa chenye spiriti, akazifunga nyaya zile za zamani na kuzikaza. Muziki ulikuwa uleule niliousifia kwa miezi minne.

Sisi tunaoishi pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula mabati, bawaba na baiskeli, lakini wachache wetu tunakumbuka kwamba inakula pia ncha ya waya iliyo wazi nyuma ya spika, mahali pasipofikiwa na ufagio wala macho. Uoto ule wa kijani haupitishi umeme vizuri, na mbaya zaidi ni kwamba haupitishi kwa usawa, kwa hiyo sauti hukatika na kukwaruza kadiri mtetemo wa spika unavyoichezesha ncha. Mtu anapofunga waya mpya, hata uwe wa bei gani, anakuwa ametengeneza kiungo kipya safi bila kukusudia. Sifa zote anazipa waya, ilhali kilichofanya kazi ni kule kufungua na kufunga upya. Natumaini mwandishi wa makala ataniwia radhi nikimuuliza kama alijaribu kwanza kuzikata na kuzisafisha ncha za waya wake wa zamani, kwa sababu asipofanya hivyo hajalinganisha nyaya mbili, bali amelinganisha kutu na shaba.

Baada ya hapo sikuweza kutulia, na nikaamua kufanya ulinganisho ambao ningeweza kuutetea mbele ya wanafunzi wangu wa zamani. Tulichukua nyaya tatu, kila moja ya mita 6, zote zikiwa zimekatwa ncha upya: ule mwembamba wa zamani wa milimita za mraba 0.5, waya wa kawaida wa umeme wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 2.5 tulioununua duka la vifaa vya umeme, na ule wa kitambaa. Fundi redio wa mtaani alitutengenezea swichi ya njia mbili ambayo iliweza kuhamisha muziki kutoka waya mmoja hadi mwingine mara moja. Jambo hili la kuhamisha mara moja ni la lazima, kwa kuwa kumbukumbu ya sikio kwa tofauti ndogo za sauti ni ya sekunde chache tu, na mtu anayetumia dakika tano kuinama nyuma ya kabati akibadilisha nyaya anakuwa analinganisha anachokisikia sasa na anachodhani alikisikia. Tulitumia spika moja, na amplifaya pamoja na swichi tukaviweka nyuma ya pazia la mlango wa korido.

Utaratibu ulikuwa kwamba nisikilize kwanza waya wa kwanza, kisha wa pili, kisha mmoja wa hao wawili bila kutajiwa ni upi, nami niseme ni upi. Mpwa wangu alirusha sarafu kabla ya kila mzunguko na kuandika matokeo kwenye daftari. Hakuzungumza nami hadi mwisho, na kila mara aliigeuza swichi zaidi ya mara moja ili mlio wake usinipe fununu. Mizunguko ilikuwa 16 kwa kila ulinganisho, kwa jioni mbili, kwa sababu masikio huchoka.

Kati ya waya wa kitambaa na waya wa umeme wa milimita 2.5, nilipatia mara 9 kati ya 16. Kwa wasiozoea hesabu za bahati, niseme kwamba watu 100 wakikaa na kubahatisha tu bila kusikiliza chochote, takribani 40 kati yao watapata 9 au zaidi. Mke wangu, ambaye husikia simu ikilia chumba cha pili kabla sijaisikia mimi, alipata 8. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alipata 7 nilipokuwa mimi nyuma ya pazia, na ninalitaja hili kwa sababu najua nitaambiwa kwamba masikio ya mstaafu hayafai kutolea ushahidi. Katikati ya jioni ya pili kijana yule aliweka kalamu chini na kuniambia, "Mjomba, mimi nasikia wimbo mmoja tu unapigwa mara tatu."

Ulinganisho wa waya wa kitambaa na ule mwembamba ulitoa jibu tofauti. Hapo nilipatia mara 13 kati ya 16, na kwa kubahatisha ni kama mtu mmoja tu katika mia anayeweza kufika hapo. Kwa hiyo sisemi kwamba nyaya zote ni sawa. Ninachosema ni kwamba tofauti iliyopo inapimika, ina sababu inayojulikana, na haifuati bei.

Sababu yenyewe ni ukinzani, yaani kiasi ambacho waya unauzuia umeme kupita, nao hupimwa kwa omu. Shaba yenye unene wa milimita ya mraba 1 ina ukinzani wa takribani omu 0.017 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, waya wa mita 6 ni safari ya mita 12. Mita ya fundi ya kupimia umeme haiaminiki kwa viwango vidogo hivi, kwa sababu nyaya zake yenyewe zina ukinzani unaokaribia ule unaopimwa, kwa hiyo mpwa wangu alipitisha mkondo wa ampea 1 katika kila waya na kusoma milivoti zinazopotea njiani. Waya mwembamba ulipoteza milivoti 410, ule wa 2.5 ukapoteza 83, na ule wa kitambaa 70. Yaani ukinzani wake ni omu 0.41, 0.083 na 0.07. Shilingi zote zile zilininunulia sehemu 13 za elfu moja za omu.

Msomaji anaweza kuuliza ukinzani mdogo kama huo unaudhuru vipi muziki. Spika iliyoandikwa omu 8 haibaki kwenye omu 8 katika sauti zote, za chini hadi za juu. Mahali fulani inashuka hadi 5 au chini yake, na mahali pengine inapanda hadi 20 au zaidi, na kila spika ina milima na mabonde yake. Waya unapokuwa na omu 0.41, pale spika inaposhuka hadi 5 sauti hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.7, na pale inapopanda hadi 20 hupungua kwa chini ya desibeli 0.2. Umbo la muziki linakuwa limepindishwa kwa nusu desibeli hivi, na hilo sikio makini laweza kulihisi, hasa linapofunika eneo pana la sauti. Waya wa milimita 2.5 hupindisha kwa sehemu moja ya kumi ya desibeli, na hapo sijaona mtu akisikia kitu. Nikiri pia kwamba waya mwembamba ulikuwa unapiga chini kidogo kuliko mwenzake na hatukuwa na namna ya kusawazisha, kwa hiyo huenda sehemu ya zile 13 nilizipata kwa kuusikia upungufu huo. Hii ni hadhari kubwa kwa kila anayelinganisha vyombo vya muziki: vitu viwili vikitofautiana kwa ukubwa wa sauti kwa sehemu ndogo tu ya desibeli, sikio halisemi kwamba hiki kina sauti kubwa zaidi, bali linasema kwamba hiki ni kizuri zaidi.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa waya mzima, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika, na mwenye nafasi aende chini zaidi. Kwa sebule zetu nyingi, waya wa shaba wa milimita 1.5 kwa masafa mafupi na 2.5 kwa marefu unatosha kabisa. Kuhusu madini ya fedha, ambayo hutajwa sana katika matangazo, ni kweli kwamba inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi tu, na faida hiyo unaipata kwa shaba iliyonenepa kidogo. Dhahabu nayo inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, ila haishiki kutu, na kwa mtu wa pwani ncha zilizopakwa dhahabu zina maana ya kweli ambayo muuzaji angeieleza kwa haki kama angekuwa anajua anachouza. Mshale wa uelekeo kwenye waya wa spika hauna kazi, kwani umeme wa muziki huenda na kurudi makumi hadi maelfu ya mara kwa sekunde.

Haya si mapya, na hayakuanzia sebuleni kwangu. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill, aliyelinganisha waya wa Monster Cable, uliokuwa ukivuma wakati ule, na waya wa kawaida mnene pamoja na mwingine mwembamba sana. Muziki ulipopigwa bila wasikilizaji kujua ni waya upi, hawakuweza kuutofautisha kwa uhakika waya maarufu na ule mnene wa kawaida. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, walifanya jaribio juu ya spika zenyewe, si nyaya, wakiwasikilizisha watu walewale mara mbili, mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika kwa kuona tu, na spika kubwa zenye sura ya kifahari zikanufaika. Ninalitaja jaribio hili kwa sababu linajibu lawama ambayo huwaumiza watu bure. Anayesema amesikia tofauti hadanganyi wala hajichekeshi. Kusikia hufanyika kichwani, na kichwa hakiwezi kuacha nje kile ambacho macho na mfuko vimekwisha kukijua. Dawa yake ni pazia, na pazia halimvunjii mtu heshima.

Nisije nikaeleweka kwamba ninadharau nyaya zote za muziki, maana ipo sehemu moja katika nyumba yenye santuri ambapo waya una uzito mkubwa kuliko mwandishi wa makala alivyogusia, na ni ule unaotoka kwenye gramafoni kwenda kwenye amplifaya. Katriji nyingi (vile visanduku vidogo vinavyoshika sindano) za bei ya kawaida ni za aina ya sumaku inayocheza, ambazo ndani yake mna koili ndefu ya waya mwembamba mno, yenye induktansi (tabia ya koili ya kupinga mabadiliko ya umeme) ya karibu milihenri 500. Koili hiyo ikikutana na kapasitansi ya waya, yaani uwezo wa waya kuhifadhi chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi, huzaa mwangwi wake wa umeme katika sauti za juu, yaani mahali ambapo sauti hukuzwa kupita kawaida. Jumla ya kapasitansi ikiwa pikofaradi 150, mwangwi huo uko karibu na hezi 18,000 (mitetemo 18,000 kwa sekunde), ambako wengi wetu wenye umri hatusikii kitu. Ikifika 300, unashuka hadi karibu hezi 13,000, na hapo vijana watasikia "s" zikikata na matoazi yakimetameta kupita kiasi, kisha sauti za juu zaidi zinaporomoka. Kampuni ya Audio-Technica, kwa mfano, inashauri pikofaradi 100 hadi 200 kwa katriji yake ya VM95E, na hesabu hiyo inajumuisha waya wa ndani ya mkono wa gramafoni, waya wa nje, na mlango wa amplifaya yenyewe.

Waya wa nje wa mita moja mara nyingi una pikofaradi 100 hivi, lakini ipo yenye mara mbili ya hizo, na anayenunua wa mita mbili ili afikishe gramafoni kwenye kona anayoipenda anaongeza maradufu bila kujua. Nilipofupisha waya wangu kutoka mita 2 hadi sentimita 80, zile santuri za mizunguko 45, ambazo nilidhani zimechakaa kwa kupigwa miaka mingi, zilipungua ukali katika sauti ya mwimbaji, na mpwa wangu aliitambua tofauti mara 15 kati ya 16 nyuma ya pazia. Gharama ilikuwa plagi mbili na lehemu kidogo. Angalia, Mhariri, kwamba hapa waya mfupi wa bei ndogo ndio ulioushinda mrefu, na kwamba takwimu ambayo mnunuzi angeihitaji, yaani pikofaradi kwa mita, haikuandikwa kwenye boksi lolote nililoliona dukani, ingawa kila boksi lilikuwa na maneno mengi juu ya ulaini wa sauti.

Kwa nyaya nyingine za plagi za RCA, zile za kutoka redio, simu au deki kwenda kwenye amplifaya, kapasitansi haina neno, kwa sababu vyombo hivyo vina nguvu ya kutosha kuusukuma muziki bila kuathirika. Kinachotakiwa ni kinga ya nje iliyosukwa vizuri na plagi zinazobana. Wengi hununua waya wa ghali ili kuondoa mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 na ndugu zake wa 100 na 150, nao hauondoki. Kwangu mvumo ulitoka kwenye king'amuzi, ambacho kilikuwa kimeunganishwa na dishi la juu ya paa na wakati huohuo na amplifaya, hata umeme ukapata njia mbili za kwenda ardhini na kuzunguka kati yake. Nilipochomoa waya wa dishi palepale kukawa kimya. Anayesumbuliwa na mvumo achomoe kitu kimoja kimoja kabla hajanunua chochote, na nyaya za muziki zisilazwe sambamba na nyaya za umeme wa ukutani. Ama nyaya za kidijiti, kama HDMI na zile za mwanga, hizo hupeleka tarakimu, na tarakimu zikifika zimefika. Waya mbovu utakujulisha kwa sauti kukatika au kutosikika kabisa.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na ambalo nilitamani makala ile iligusie. Tulipokuwa tukitafuta waya wa milimita 2.5 kwa ajili ya jaribio, waya wa kwanza tulioununua haukuwa shaba. Uliandikwa 2.5, rangi yake ilikuwa nyekundu nzuri ya shaba, na muuzaji aliniambia, "Mzee wangu, hii ni shaba tupu, hata ukiiyeyusha." Tulipofika nyumbani mpwa wangu aliupima mkononi akasema ni mwepesi mno. Akakwangua uzi mmoja kwa kisu, na chini ya wekundu ule pakatokea weupe. Ulikuwa alumini iliyopakwa shaba. Nyuzi nazo zilikuwa chache kuliko inavyotakiwa, kwani waya wa kweli wa nyuzi nyingi wa 2.5 kwa kawaida huwa na nyuzi 50 za robo milimita, nasi tulihesabu 30. Alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani wa takribani mara moja na nusu ya shaba kwa unene uleule, na ukijumlisha na upungufu wa nyuzi, waya ule ulioandikwa 2.5 ulifanya kazi ya waya wa shaba wa milimita 1 tu.

Kwa spika hasara yake ni sehemu ndogo ya desibeli iliyopotea, na hakuna atakayeumia. Lakini waya huohuo unauzwa kwenye rafu ileile kwa mtu anayetaka kuunganishia pasi, jiko la umeme au friji, na kwenye kazi hiyo waya usiobeba mzigo ulioandikiwa hupata joto ndani ya ukuta, na viungo vya alumini hulegea na kuungua. Mtu anayebishana kuhusu waya wa shilingi laki nne alikuwa na fedha za kubishania. Anayeuziwa alumini kwa jina la shaba hana habari kwamba kuna ubishi wowote. Kutambua si kazi ngumu: kwangua uzi mmoja kwa wembe na utazame rangi ya ndani, na uupime kwa mkono ukiulinganisha na waya unaoujua, maana shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Muuzaji mwaminifu hatakataa ukwangue ncha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kutoka kwa gazeti lako. La kwanza ni kwamba waandishi wanaotathmini vyombo vya muziki waeleze walivyolinganisha: kama nyaya zilikatwa ncha upya, kama ukubwa wa sauti ulisawazishwa, kama msikilizaji alijua anasikiliza nini, na mara ngapi alipatia kati ya ngapi. Mistari minne inatosha, nasi wasomaji tutajua uzito wa maneno yao. La pili ni kwamba gazeti limtume mwandishi akiwa na wembe na mizani ndogo katika maduka ya nyaya, anunue mita moja moja kama mnunuzi wa kawaida, azipeleke nyaya hizo zikapimwe, na kuchapisha milimita zilizoandikwa kando ya milimita zilizokutwa. Swichi yetu bado iko kwenye korido, na mwandishi wa makala ile akipenda kuja Tanga na waya wake, mimi na mpwa wangu tutampokea na kumfungia, na daftari atalishika yeye mwenyewe.

Wako katika kupenda muziki,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Tanga